Bei Zikianguka, Khasara ni ya Nani?

 

Tumeulizwa katika darsa yetu suali ambalo twaona lafaa kujibiwa kwa kalamu, kwa kuwa wenye kulihitaji ni wengi kuliko waliohudhuria usiku ule. Muulizaji alisema: "Mimi nimepanga duka. Niliafikiana na mwenyewe juu ya kodi siku ambazo soko lilikuwa hai. Sasa wanunuzi wamepungua, bidhaa naiuza kwa bei ya kununulia au chini yake, na kodi ni ile ile. Je, mwenye duka akiitaka yote, amenidhulumu? Na mimi nisipoweza kuilipa, nimemdhulumu yeye?" Kabla hatujafungua kinywa, mzee mmoja mwenye nyumba za kupangisha akanena kwamba ahadi ni deni, na aliyeshindwa na arudishe ufunguo. Barazani pakawa na ubishi mpaka tukafunga darsa.

Suali hili si geni kwetu, na kabla ya kumfundisha mwengine yatupasa tueleze yaliyotupata wenyewe. Chuo chetu kina maduka mawili ya wakfu, na kodi yake ndiyo inayolipa walimu. Mji wetu wa Mombasa ulikuwa umekwisha kuguswa kabla ya ugonjwa wa Korona. Reli mpya ya kwenda Nairobi ilifunguliwa Mei 2017, na tangu Januari 2018 makasha ya mizigo yakaanza kupita juu yake kwenda kufunguliwa bara. Agosti 2019 ikatoka amri kwamba mizigo yote iendayo bara ipite relini. Watu wakaandamana, na Oktoba amri ile ikasimamishwa. Dereva wa lori, mchukuzi, mwenye ghala na mama muuza chakula kando ya ghala, wote hao walikuwa wakinunua katika maduka ya mji huu. Kisha ukaja mwaka 2020. Mwezi wa Machi ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, zikarudi Agosti. Na mwezi wa Mei Mji wa Kale ukafungwa kwa muda wa mwezi mmoja, watu hawatoki wala hawaingii.

Katika siku hizo wapangaji wetu wote wawili walitujia. Mmoja alikuwa muuza leso, wa pili fundi wa cherehani. Walituomba tupunguze kodi kwa theluthi. Tukakaa, tukashauriana, tukakataa. Hoja yetu ilikuwa nzuri masikioni: mali hii ni ya wakfu, si yetu, na mtu hana ruhusa ya kuwa karimu kwa mali isiyokuwa yake. Fundi akavumilia, huku malimbikizo yakimpanda mwezi baada ya mwezi. Muuza leso akarudisha ufunguo. Duka lake likakaa limefungwa miezi kumi na mmoja, na alipopatikana mpangaji mwengine, alikubali kwa kodi iliyo ndogo kuliko ile aliyoiomba yule tuliyemkatalia. Walimu wetu wawili wakakaa muda wote huo bila mshahara kamili. Kwa hivyo anayeandika maneno haya si mtu aliyekaa kando akiwatazama waliokosea.

Basi na tuanze na shina la jambo lenyewe. Watu wengi hudhani kwamba bei ikishuka ni neema kwa kila hali, na kodi ikishuka ni nafuu kwa mpangaji. Ukweli ni kwamba urahisi wa bei ni wa namna mbili, na zafanana kwa sura tu. Upo urahisi unaotokana na wingi: mvua imenyesha, samaki wamejaa, mahindi yamefika sokoni kwa wingi. Huu ni neema, na masikini ndiye wa kwanza kuiona. Na upo urahisi unaotokana na ukata: bidhaa ni ile ile, lakini mikono iliyokuwa ikiinunua haina kitu. Muuza leso hashushi bei kwa kuwa leso zimekuwa nyingi, bali kwa kuwa mwezi umekaribia mwisho, kodi yamngoja, na mbele ya duka hakuna mtu. Leso moja ikiuzwa kwa khasara, mnunuzi amepata nafuu ya siku moja. Lakini mwenye duka amekula katika rasilmali yake, na mwezi ujao atamwachisha kazi kijana aliyekuwa akimkunjia nguo. Kijana yule naye alikuwa mnunuzi kwa mtu mwengine. Ndivyo khasara inavyotembea kutoka duka hadi duka, na kila inapopita huitwa urahisi.

Jambo hili wanavyuoni wetu waliliona zamani. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufa Misri mwaka 1406, aliweka mlango mzima katika Muqaddima yake kueleza kwamba bei zikidumu katika kushuka huwadhuru wenye kufanya kazi na bidhaa hiyo. Alieleza kwamba faida hukatika, mfanyabiashara hula rasilmali yake, na dhara huenea kutoka kwa mkulima hadi kwa msagaji na muoka mikate, hata askari ambaye riziki yake yatokana na mazao. Akavua nafaka tu, akasema urahisi wake wasifiwa, kwa kuwa chakula ni haja ya kila mtu, tajiri na fakiri. Na akaona kwamba maisha ya watu hutengenea kwa bei za kati na kati. Mtu huyu hakuwa na benki wala reli, lakini alilitazama soko kwa jicho la haki.

Kuna jambo la pili ambalo ni zito kuliko hilo, nalo ni deni. Bei zikishuka, kila kitu hushuka ila kile kilichoandikwa. Aliyekubali kulipa shilingi elfu thelathini alikuwa akizipata kwa kuuza leso mia moja tuseme. Bei ikianguka, atahitaji kuuza leso mia moja na hamsini ili azipate shilingi zile zile, na wanunuzi ndio wamepungua. Karatasi haikubadilika hata herufi moja, lakini mzigo umeongezeka kwa nusu nzima.

Haya yalitokea karibu na sisi. Katika miaka ya 1930, dunia ilipoingia katika mdororo mkubwa wa biashara ulioanza mwaka 1929, bei ya karafuu za Unguja na Pemba ilianguka. Wenye mashamba walikuwa wamekopa siku za bei nzuri, na wengi wao walikopa kwa njia ya bei ya khiyari: mtu "humuuzia" mkopeshaji shamba lake kwa sharti ya kulikomboa, kisha hubaki shambani mwake mwenyewe akilipa kodi. Kodi ile haikuwa ila riba iliyovikwa kanzu. Karafuu ziliposhuka, kodi ile haikushuka, na mashamba yakawa yatoka mikononi mwa wenyewe, mpaka mwaka 1934 serikali ikalazimika kutunga sheria ya kuzuia mashamba yasiuzwe na kuwekwa rehani ovyo. Na mfano wa karibu zaidi kwa miaka ni Hong Kong: kati ya mwaka 1997 na 2003 bei za nyumba zilianguka kwa kiasi cha theluthi mbili, na bei za madukani zikawa zashuka kwa miaka mitano na zaidi. Katikati ya mwaka 2003 watu zaidi ya laki moja walikuwa wakiidaiwa na benki pesa nyingi kuliko thamani ya nyumba zao. Nyumba ilianguka, deni lilisimama pale pale. Huu ndio ubaya wa riba ambao hata asiyeisoma Qur'ani aweza kuuona kwa macho: mmoja amejiwekea faida isiyoguswa na jua wala mvua, na mwengine amebeba jua na mvua peke yake.

Hapa mtu atatujibu: "Kodi si riba. Kodi ni halali kwa ijmai." Ni kweli, na hatutaki mtu yeyote atutie maneno kinywani. Nyumba ni mali, manufaa yake yauzwa, na mwenye nyumba ana haki ya kodi yake. Katika madhihabi yetu ya Imamu Shafii mkataba wa kupangisha wafunga pande zote mbili, wala hauvunjiki kwa udhuru wa mpangaji. Imamu Nawawi, Mwenyezi Mungu amrehemu, alitoa mfano katika Rawdha wa mtu aliyepanga hamamu kisha kuni zikaadimika: mkataba wabaki. Basi yule mzee wa barazani hakusema uwongo. Kwa mizani ya hukumu, ahadi ni deni.

Lakini wanavyuoni hawakuishia hapo. Imesihi katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Jabir, kwamba Mtume (s.a.w.) alimkataza aliyeuza matunda ya mtini asichukue thamani yake iwapo janga limeyapiga, na akamuuliza kwa haki gani atachukua mali ya ndugu yake. Imamu Malik na Imamu Ahmad waliona kupunguza huko ni lazima. Imamu Shafii katika kauli yake mpya aliona ni jambo lipendezalo. Kisha Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, akaupeleka msingi huu mpaka kwenye kodi: mtu akipanga hamamu au nyumba ya wasafiri, kisha watu wakapungua kwa khofu au kwa kuhama, apunguziwe kodi kwa kadiri manufaa yalivyopungua. Na mwaka 1982 Baraza la Fiqhi la Rabita huko Makka liliamua, kuhusu mikataba ya muda mrefu kama ya kuleta bidhaa na ya ujenzi, kwamba hali ikigeuka mgeuko mkubwa usiotarajiwa, kadhi aweza kurekebisha haki za pande mbili ili khasara iliyozidi igawanywe baina yao, isimwangukie mmoja.

Msomaji ataona kwamba wanavyuoni wamekhitalifiana katika jina: huyu asema lazima, yule asema yapendeza. Hawakukhitalifiana kwamba kupunguza ni kheri. Basi ikiwa mtu ataka kumshika mwenziwe kwa kauli ya Imamu Shafii katika kudai, na amfuate Imamu Shafii pia katika lile alilolipendelea. Kumfuata imamu mlangoni mwa haki yako na kumwacha mlangoni mwa wema si kufuata madhihabi, ni kufuata mfuko.

Na hapo tukaliona kosa letu la wakfu. Ni kweli kwamba msimamizi wa wakfu hana ruhusa ya kupangisha chini ya kodi ya mfano. Lakini kodi ya mfano ni ipi? Ni ile ambayo duka kama lile, mahali kama pale, lapata leo. Siyo ile lililopata mwaka wa jana. Mkataba wetu ulikuwa wa mwezi kwa mwezi, na kila mwezi mpya ni makubaliano mapya. Sisi tuliishika kodi ya siku za neema tukaiita amana, na kumbe soko lilikwisha kuihukumu. Tulidhani twaulinda wakfu, na wakfu ndio uliokaa miezi kumi na mmoja bila senti.

Jibu la suali letu twaliona limekusanyika katika kisa kimoja kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Kaab bin Malik alikuwa akimdai Ibn Abi Hadrad, wakabishana msikitini mpaka sauti zao zikamfikia Mtume (s.a.w.) nyumbani mwake. Akafunua pazia, akamwita Kaab, akamwashiria kwa mkono apunguze nusu ya deni. Kaab akakubali papo hapo. Ndipo Mtume akamgeukia mdaiwa, akamwamrisha asimame alipe. Tazama, ewe msomaji, jinsi mizani ilivyokaa sawa. Mwenye haki hakuambiwa kwamba hana haki. Aliombwa aachilie sehemu yake. Na mwenye dhiki hakuachiliwa aende zake. Aliamrishwa kuinuka na kulipa ile iliyobaki. Kila mmoja alibeba kitu.

Basi kwa mwenye nyumba au duka twasema: usingoje mpaka mpangaji arudishe ufunguo. Mlango uliofungwa haukulipi, na jina la nyumba inayokimbiwa halinunuliki tena kwa urahisi. Punguza kwa kiasi kinachojulikana na kwa muda unaojulikana, miezi mitatu au sita, kisha mtazame tena. Andikeni, kwa kuwa kuandika ni amri ya Qur'ani, wala si dalili ya kutoaminiana. Na malimbikizo ya nyuma, ikiwa ni mali yako, una khiyari ya kusamehe. Ikiwa ni ya wakfu au ya yatima, huwezi kusamehe kisichokuwa chako, lakini waweza kutoa muda. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Surat al-Baqara, aya ya 280, kumngoja mwenye dhiki mpaka apate wasaa, na akatujuza kwamba kumsamehe ni bora kwetu.

Kwa mpangaji twasema: anayeomba kupunguziwa na afungue daftari lake. Tumewaona walioliitia dhiki ya mji ili kuficha anasa ya nyumbani, wakawa hawalipi kodi na huku wakiongeza gari. Hao ni madhalimu, na wanawaharibia wenye dhiki ya kweli, maana mwenye nyumba aliyedanganywa mara moja hatamsikiliza wa pili. Na ujue kwamba si kila mwenye nyumba ni tajiri. Yuko mjane ambaye vyumba viwili vya uani ndiyo riziki yake yote, na katika mitaa yetu yuko mwenye nyumba asiye mwenye ardhi, naye yuadaiwa kodi ya kiwanja kila mwaka. Huyo akishindwa kupunguza, si bakhili. Pengine wewe mpangaji ndiwe mwenye wasaa, na wewe ndiwe unayetakiwa kubeba. Na panapotokea ubishi usiokwisha, hata sheria ya nchi ya mwaka 1965 inayowalinda wapangaji wa maduka inampa mpangaji njia ya kuomba kodi yake itazamwe upya. Kuifuata njia hiyo kwa adabu si uadui.

Na kwa mnunuzi twasema neno moja. Ukimkuta ndugu yako ameshikika, auza cherehani yake au dhahabu ya mkewe ili alipe kodi, usimbane mpaka akuuzie kwa bei ya kutupa, kisha ukajisifu barazani kwamba umeokota. Mnunue kwa thamani yake au umkopeshe. Faida iliyotoka katika shingo ya mtu aliyekabwa, hata ikiwa mkataba wake umesihi, haina baraka.

Wapo watakaotuuliza kwa nini hatudai serikali ipange kodi na bei zote. Watu walimwomba Mtume (s.a.w.) awapangie bei zilipopanda, naye akakataa, akiogopa kukutana na Mola wake hali mtu amdai dhulma. Wanavyuoni kama Ibn Taymiyya walieleza kwamba panapokuwa na dhulma iliyo wazi mtawala aweza kuingia kati. Hilo ni la watawala na la wakati wake. Kweli ni kwamba amri ya serikali yaweza kuleta mizigo mjini au kuiondoa, kama tulivyoona mwaka 2019, na tena Septemba 2022 Rais William Ruto alipotangaza, siku ya kuapishwa kwake, kwamba kazi ya kuitoa mizigo irudi Mombasa. Lakini mpangaji na mwenye duka hawakuhitaji kungoja miaka mitatu ili wazungumze. Jambo lililo baina ya watu wawili wanaosali safu moja halistahili kungojea gazeti la serikali.

Sisi tulichelewa kulifahamu hili, lakini tulilifanya. Fundi tulimpunguzia kodi mpaka ikawa sawa na ya maduka ya jirani, na malimbikizo tukampa muda wa miaka miwili. Ameyalipa yote, na cherehani zake bado zalia pale pale. Muuza leso tulimwendea nyumbani kwake kumtaka radhi. Alitupokea kwa uso mkunjufu, akatupa kahawa, akasema amesamehe. Sasa auza leso chache uani mwake, kwa jirani na jamaa. Duka hakulirudia, wala hatukuwa na uso wa kumwomba alirudie.

Basi ewe uliyetuuliza, jibu letu ni hili. Mwenye duka akidai kodi yote mliyoafikiana, hakukuibia. Lakini ikiwa ana wasaa na ajua dhiki yako ni ya kweli, ameiacha kheri kubwa mlangoni pake. Na wewe ukipunguziwa, hima, simama ulipe. Na ewe mzee uliyesema arudishe ufunguo, twakuomba uufikirie ufunguo ule. Sisi tulipewa mmoja mkononi, na tulikuwa tukiuona mzito kila tulipowaeleza walimu kwamba mwezi huu pia hakuna kitu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wepesi tunapouza, wepesi tunaponunua, na wepesi tunapodai. Amin.